Elimu ya Madini na Vijana wa Ufipa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Tumetakiwa kusema machache juu ya kijana asomaye elimu ya madini katika Chuo Kikuu ili apate kazi migodini. Sisi si mainjinia. Sisi ni makarani, na kazi yetu ni barua na majalada. Lakini ni katika barua hizo tulipoliona jambo lililotufanya tukubali kusimama mbele yenu leo.

Kijana mmoja alitujia ofisini, mtoto wa watu tuwajuao, akataka tumsaidie kuandika barua ya kuomba kazi mgodini. Tuliiandika kwa lugha safi, tukaipiga chapa vizuri. Kisha tukamwuliza vyeti vyake. Tukaona kwamba aliiacha Fizikia alipoingia kidato cha tatu, na Hesabu aliisoma kama mtu apitaye njia tu. Wazee wake walimwambia kuwa masomo hayo ni mazito, na ya kuwa mtu mwenye heshima hukaa mezani, hachimbi mawe. Barua yetu haikumfaa kitu. Nasi tuliona haya, maana wazee wale walikuwa wakitutazama sisi makarani waliposema maneno hayo.

Je, ni kweli kwamba kazi ya madini ni kazi ya mtu asiye na elimu? Tutazame kwanza hapa kwetu. Kabla ya majembe ya madukani kufika, Wafipa walijenga matanuru marefu ya udongo wa kichuguu, yaitwayo malungu, mengine yakipita kimo cha mtu karibu mara mbili. Tanuru hilo halikuvukutwa kwa mivukuto. Lilivuta hewa lenyewe kwa urefu wake, kupitia mabomba ya udongo yaliyowekwa chini pande zote. Ndani walipanga mkaa wa miti na mawe yenye chuma, na moto ukawaka siku kadha wa kadha. Chuma kilichotoka kilikuwa bado kimechanganyika na mavi yake, basi kikatiwa katika tanuru dogo liitwalo kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Mwisho kikafika kwa mhunzi, kikawa jembe.

Mabwana, mtu aliyejua kimo cha tanuru kitakachovuta hewa ya kutosha, na jiwe lipi lina chuma na lipi halina, huyo hakuwa mjinga. Baadhi ya malungu hayo yamesimama hata leo katika nchi yetu ya juu, lakini moto wake ulizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Majembe ya kigeni yaliuzwa kwa bei nafuu, na elimu ile ilikuwa imekaa vichwani mwa mafundi wachache na wanafunzi wao. Habari zake twazisoma leo katika vitabu vya wataalamu waliokuja kuuliza baadaye, miongoni mwao Profesa Bertram Mapunda aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Sisi makarani twaijua methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa, kijana aendaye Chuo Kikuu husoma nini? Wengi hudhani hufundishwa kuchimba. La. Kozi ya uinjinia wa madini huchukua miaka minne, nayo husomeshwa Dar es Salaam na hata Dodoma. Mwanzoni kijana hurudi katika Hesabu, Fizikia na Kemia, pamoja na uchoraji wa ramani na mitambo. Kisha hujifunza habari za miamba: jinsi ilivyoumbwa, jinsi ipasukavyo, na uzito iwezao kubeba juu ya vichwa vya watu walio chini. Hujifunza kupima ardhi, kutumia baruti bila kuua, kupitisha hewa katika mashimo, na kutoa maji yasije yakawazamisha wachimbaji. Hujifunza pia kusaga mawe na kuyatenga madini kwa maji na dawa, kukisia gharama, na kuijua sheria. Wakati wa likizo hupelekwa migodini kuona kwa macho. Na baada ya shahada hawi injinia kamili mara moja, bali yampasa kufanya kazi chini ya wenye uzoefu kabla Bodi ya Usajili wa Wahandisi haijamkubali.

Mtaona kwamba sehemu kubwa ya elimu hiyo ni kulinda roho za watu. Twaomba mzazi asiyependa mwanawe aende mgodini alifikiri neno hili: mashimo yatachimbwa, aende au asiende. Lililo muhimu ni nani atakayesema, "Hapa pasiingie mtu leo."

Lakini tusiwadanganye vijana. Mgodi una mwisho wake. Jirani zetu wa Mpanda, ambao tangu mwaka 2012 wako katika Mkoa wa Katavi, wanalijua jambo hilo. Kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira ilijengwa reli kutoka Kaliua mwishoni mwa miaka ya 1940. Ulipofika mwaka 1960 mgodi ulifungwa. Reli ilibaki, na mji ulibaki, lakini aliyejua kazi moja tu ya mgodi ule alirudi kwao mikono mitupu. Tena bei ya madini hupanda na kushuka katika masoko ya mbali, na ikishuka watu huachishwa kazi bila kujali walisoma wapi.

Kwa hiyo shauri letu ni hili: kijana asiende kusomea mgodi fulani, wala dhahabu peke yake kwa kuwa leo ina bei. Asomee mizizi. Aliyeshika vema Hesabu, Kemia na habari za miamba aweza kuhama kutoka dhahabu kwenda mkaa wa mawe, kutoka mkaa kwenda visima vya maji au ujenzi wa barabara. Mgodi hufa, lakini maarifa hayo humfuata mwenyewe.

Wala asidhani kwamba ni lazima aende mbali daima. Mkaa wa mawe uko kwetu, Namwele na Muze. Na mwaka 2016 wataalamu wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni moja, walitangaza kwamba chini ya bonde la Rukwa iko gesi ya heliamu, itumikayo kupoza mashine kubwa za hospitali. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Mababu zetu waliishi juu yake wasiione. Iligunduliwa na watu waliojua kwamba miamba ya kale sana huizaa polepole, na ya kuwa joto la volkano huifungua.

Basi, wanachama wenzetu, yatupasa nini? Kwanza, kila mmoja wetu mwenye mtoto wa kiume au wa kike katika kidato cha pili amwulize habari za Fizikia kabla hajaiacha, maana mlango huo ukifungwa ni vigumu kuufungua tena. Pili, tuwasaidie wazazi wasiojua taratibu za maombi ya Chuo na ya Bodi ya Mikopo, kwani fomu iliyokosewa yaweza kumrudisha nyuma mtoto mwenye akili. Tatu, tuache kusema mbele ya watoto kwamba meza ndiyo heshima. Meza zetu zimetulisha, nasi hatuzidharau. Lakini jembe lililolilisha taifa la Ufipa halikutoka mezani.

Yule kijana bado yuko mjini. Amerudia Hesabu kwa masomo ya jioni, na safari hii hakutuletea barua ya kuandikwa, bali maswali, na mengine yalitushinda. Tumefurahi kushindwa hivyo.