Kusafiri siyo kukimbia: tupange vakansi upande wa Virunga



Vijana walileta ombi: vakansi kubwa ikifika, chama kipange safari ya kutembelea mbuga ya Virunga, kule kaskazini. Wengine walicheka: "Tumetembea kwa miguu miaka mingi, hamujachoka?" Sisi wa timu ya uwanja tunajibu hivi: mwenye kukimbia hachagui siku, hachagui mzigo, hachagui njia. Kupanga safari ni kurudisha hayo matatu mikononi mwetu. Njo maana ombi hili siyo mchezo.

Kwanza, tujue kama Virunga siyo pahali pamoja. Mbuga ile iliundwa mwaka 1925, na inaanzia karibu na ziwa Kivu mpaka milima ya Ruwenzori, karibu kilometa 300. Kusini kuna volkano. Nyiragongo ina urefu wa metre 3470, na baridi ya usiku kule juu inauma. Sisi watu wa msitu wa Itebero tumezoea joto na mvua. Bila koti na viatu vya nguvu hatutafika. Jirani yake, upande wa Mikeno, ni msitu wa gorila. Mwenye mafua hapelekwi kule, maana gorila anaambukizwa magonjwa yetu. Katikati ni tambarare ya Rwindi, jua kali, kiisha ziwa Edouard na wavuvi wa Vitshumbi. Miaka ya 1970 viboko wa kule walipita 20.000; bunduki ziliwapunguza mpaka wakabaki wachache. Kaskazini kabisa ni bonde la Semliki, na Ruwenzori yenye theluji, metre 5109.

Kila upande una nguo zake, njia yake na bei yake. Atakayetaka yote kwa juma moja atamaliza feza barabarani. Tuchague upande mmoja.

Pili, tuanzie karibu. Kahuzi-Biega ni jirani yetu, na wengi wetu tunaijua kama katazo tu: usiwinde, usilime, usikate. Iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka kwenye msitu wa huku chini. Ndugu zetu Batwa walitolewa mule, na kidonda hicho hakijapona. Sasa, tukifuata barabara ya taifa namba 3 kuelekea Bukavu mpaka Tshivanga, watoto wataona kitu gani kinachungwa, na wazee watauliza walinzi maswali yao uso kwa uso. Mwaka wa kwanza Tshivanga, Virunga ifuate.

Tatu, usalama na feza. Tunapendekeza hivi:

– Sanduku la safari liwe pembeni. Feza ya mgonjwa, ya msiba na ya mabati ya waliorudi juzi isiguswe hata franka moja.
– Tulenge mwezi wa saba ao wa nane: mvua imepungua, na watoto hawako masomoni.
– Mbele ya kuenda, watu wawili waulize habari ya njia kwa madereva, kwa chefu na kwa walinzi wa mbuga. Mmoja tu akisema hapana, hatutoki.
– Hakuna kuingia mbugani bila ruhusa na bila kiongozi wa mbuga.
– Njia ikifungwa, kila mtu arudishiwe mchango wake, ao akubali mwenyewe ungojee mwaka ujao.

Mkutano ujao, kila kikundi kilete jibu moja: sanduku la pembeni, ndiyo ao hapana? Watoto waliozaliwa ukimbizini wanaijua barabara hii kwa sababu ya woga tu. Ni vizuri tuwape sababu ingine.