Pumzi ya Aliyepona Kifua Kikuu



Hapa Naguru, penye kilima kilichoko mashariki ya Kampala, hakuna kipimo cha pumzi kilicho kikali kuliko njia ya kupandia. Aliye mzima huipanda akizungumza. Aliyewahi kuugua kifua kikuu pengine husimama mara tatu kabla hajafika juu. Dawa amekwisha kuzimeza miezi 6, vijidudu vimekufa, lakini ugonjwa umeacha makovu katika mapafu. Basi huona haya, huacha kutembea, huacha hata kwenda msikitini. Na kadiri anavyokaa ndani ndivyo mwili unavyozidi kudhoofika.

Mtu huyo asikate tamaa. Kampala hii hii, katika hospitali ya Mulago, waganga waliwafundisha wagonjwa wa namna hiyo mazoezi ya mwili na ya pumzi kwa muda wa wiki 6, na habari zake zilichapishwa mwaka 2017. Makovu hayakuondoka, lakini wagonjwa waliweza kutembea mbali zaidi, na maisha yao yakapata nafuu.

Zoezi la pumzi lenyewe ni jepesi. Mtu huketi, akalegeza mabega, akavuta hewa kwa pua taratibu mpaka tumbo litune; kisha hukunja midomo kama apozaye uji, akaitoa hewa polepole, kwa muda ulio mara mbili ya ule wa kuvuta. Hivyo vijia vidogo vya mapafu havijifungi upesi, na hewa iliyochakaa hupata kutoka. Msomaji wa Kurani anaijua adabu hii: haitumii pumzi ovyo, bali huipima mpaka penye kituo. Kisha atembee kila siku, akiongeza hatua kidogo kidogo.

Lakini zoezi haliui vijidudu. Mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi, homa au kukonda, aende akapimwe. Hospitali ya Naguru, iliyofunguliwa mwaka 2012, i karibu, na dawa za ugonjwa huu katika hospitali za serikali hazilipiwi. Aliyeanza dawa asiziache kwa kuwa kikohozi kimetulia.

Na jirani amwonapo mwenziwe amesimama njiani akitweta, asimcheke wala asimpite. Amngoje apate pumzi, wapande pamoja.