Mashine ya Kupuliza Haioni Muguka



Ndugu zangu vijana, wazazi wetu, na wewe unayesoma kurasa hizi ukingojea adhana ya magharibi. Mada niliyopewa ni usalama barabarani. Najua wengi mkisikia hivyo mnangoja kuambiwa mambo ya mishipi na mwendo wa kasi. Hayo yapo, lakini leo nataka tuzungumze jambo tunalolikwepa. Kila ukitajwa ulevi barabarani, sisi fikira zetu huenda kwenye baa, kwa yule anayetoka akiyumba Ijumaa usiku, kisha tunajipa moyo kwamba hilo si letu. Pombe hatunywi. Sawa. Na muguka je?

Kwa hesabu za NTSA, waliokufa katika barabara za Kenya mwaka 2023 walikuwa zaidi ya 4,300, na mwaka 2024 wakapita 4,700. Wengi wao ni waendao kwa miguu na watu wa pikipiki. Yaani ni mama anayevuka kwenda sokoni na kijana wa boda boda, wala si wenye magari makubwa.

Mashine ya kupuliza, ile mnayoiita alcoblow, mnaijua. Dereva anapuliza, mashine inasoma pombe iliyo katika pumzi, na kiwango katika kanuni za mwaka 2011 kilikuwa maikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi. Sasa mweke mbele yake dereva aliyetafuna muguka tangu saa mbili usiku hadi alfajiri, au aliyevuta bangi, au aliyemeza bugizi. Atapuliza mpaka achoke, mashine itasema yuko safi. Na anayesinzia kwa dawa ya mafua aliyoinunua dukani bila kuuliza, naye vilevile.

Mtasema sheria hakuna. Ipo! Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinamgusa anayeendesha akiwa chini ya athari ya kileo au ya dawa, kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Tatizo ni hayo maneno ya mwisho. Kushindwa kulimudu gari kunapimwaje? Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilizitazama kanuni za alcoblow za mwaka 2011 ikasema hazioani na sheria mama, kwa kuwa sheria inaadhibu kushindwa kulimudu gari, na kanuni zikawa zinaadhibu kupita kiwango tu. Wengine walishangilia siku hiyo. Mimi nasema mahakama ilitufundisha kitu: kipimo kikitakiwa kishike, kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, na Bunge. Ikiwa hata pombe, ambayo ina mashine, ilitusumbua hivyo, dawa ambayo haina mashine itakuwaje?

Wenzetu walianza zamani. Jimbo la Victoria kule Australia liliingiza upimaji wa mate barabarani Desemba 2004, la kwanza duniani kupima madereva kwa kubahatisha namna hiyo. Askari anakupa kijiti, unakipitisha ulimini, unangoja dakika chache. Uingereza nao, tangu Machi 2015, wana sheria inayotaja dawa moja moja na kiwango chake katika damu, zikiwemo dawa za hospitali, na aliyeandikiwa na daktari akazitumia alivyoelekezwa ana utetezi wake. Hapo ndipo penye uadilifu, kwamba mgonjwa hatiwi kapu moja na mvuta bangi.

Lakini tusidanganyane kwamba tukinunua vijiti vile tumemaliza. Vile vya Victoria vimeundwa kutafuta bangi na dawa chache za viwandani. Miraa na muguka havitafuti. Kiini chake, kathinoni, ni kitu chepesi kupotea, na ndiyo sababu pikapu za miraa zinakimbia vile kutoka Maua: baada ya siku mbili hivi jani limepoa na bei imeanguka. (Kwa hiyo mmea huu unaua barabarani hata kabla haujafika mdomoni.) Kipimo chetu itabidi tukitafute wenyewe, hapa, na vyuo vikuu vyetu vina maabara. Na wakati tunangoja, kuna njia isiyohitaji mashine. Polisi wa Uingereza humwambia dereva afumbe macho, ainue kichwa, ahesabu moyoni sekunde 30 kisha aseme zimetimia. Aliyechangamshwa na dawa mara nyingi zake hukimbia, aliyelemazwa zake hukawia. Halafu atembee mstari mnyoofu, kisigino kwa kidole. Askari wetu akifunzwa vizuri, na akiandika alichokiona, hakimu ana kitu cha kushika.

Mei 2024 kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku ya muguka, kesi ikaenda Embu na amri ikasimamishwa. Kelele zote zilikuwa za kuuza na kula. Dereva alisahauliwa. Wala huhitaji kuligeuza jani kuwa haramu kortini ili umkataze mtu kuliendeshea gari. Pombe yenyewe ni halali kwa sheria ya nchi.

Sasa nije kwetu, Ramadhani hii hii. Baada ya tarawehe maskani zinajaa. Fungu la muguka, jojo, karanga, soda, na mazungumzo mpaka daku. Mtu anaswali alfajiri hajafumba jicho, kisha anawasha tuktuk kupeleka watoto shule. Rafiki yangu anayeendesha tuktuk likizo ikifika aliniambia, "Ndugu yangu, stimu ikiisha saa tatu asubuhi, barabara unaiona lakini haikufikii." Ndivyo jani hili lilivyo. Usingizi halikuondolei, linakukopesha tu, na deni linadaiwa lote kwa mpigo, pengine uko kwenye mzunguko na abiria watatu nyuma. Madrasa tulifundishwa kwamba sheria inalinda dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Niambie ni kipi hapo ambacho dereva huyu hajakiweka rehani.

Lakini simlaumu dereva peke yake. Sheria ya Trafiki inasema dereva wa gari la abiria asiendeshe zaidi ya masaa 8 katika masaa 24. Nani anayehesabu? Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, na kiwango alichoweka hakipatikani kwa masaa 8. Anajua dereva wake anakaa macho kwa nini. Baadhi ya wenye magari hayo tunaswali nao safu ya mbele.

Kanuni za Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, matatu zilifunga mishipi na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zilishika kwa sababu abiria aliona kwa macho yake: mshipi upo au haupo. Ziliregea tulipoacha kutazama.

Basi mbunge akija kufuturu nasi, na mwaka huu watakuja, asiulizwe tende pekee. Aulizwe kifungu cha 44 na kipimo cha dawa. Wenye magari katika sacco waulizwe masaa. Na wewe utakayekuwa maskani usiku wa leo na una gari la kushika asubuhi, ufunguo mpe aliyelala.