Nguvu Peke Yake Haitoshi

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Niliombwa nizungumze na vijana juu ya faida ya Fizikia nje ya chumba cha mtihani. Kwa kuwa kazi yangu serikalini ni kukagua magari, nimechagua mfano wa magari.

Katika miaka ya 1960 viwanda vya Marekani vilishindana kutia injini kubwa katika magari ya kawaida. Wenyewe wakayaita magari ya misuli. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na injini ya silinda nane, lita 6.4. Penye barabara iliyonyooka ilikwenda kama mshale. Taabu ilikuwa kwenye kona: gari lililala upande, na pua yake nzito ikataka kuendelea mbele.

Mpaka leo wako mafundi wanaoyarekebisha magari hayo yashike barabara vizuri zaidi. Tujifunze utaratibu wao. Fundi mzuri haanzi na springi ngumu. Kwanza hubadilisha bushi zilizochakaa, maana gurudumu linalocheza haliongozeki. Hufuata tairi, kisha shokomzoba, ambazo kazi yake si kubeba gari bali kutuliza mrukoruko wa springi. Baadaye hufunga chuma kinene kinachounganisha magurudumu ya mbele ili gari lisilale mno. Hapo pia pana kipimo: chuma hicho kikizidi unene, gari hugoma kukata kona. Springi huja mwisho, zikilingana na vyote vilivyotangulia.

Mfano ninaoupenda ni Mustang GT350 ya mwaka 1965, iliyotengenezwa na Carroll Shelby. Klaus Arning, mhandisi wa Ford, alikuwa amepiga hesabu kwamba mkono wa juu wa gurudumu la mbele ukishushwa inchi 1, tairi hukanyaga barabara vizuri zaidi gari linapolala. Kazi yenyewe ni kutoboa matundu mapya mawili kila upande. Matundu hayo hayakuongeza nguvu ya farasi hata mmoja, ila yalimwezesha dereva kuitumia nguvu aliyokuwa nayo. Hiyo, vijana, ni jometri mnayofundishwa hapa.

Nasi Afrika Mashariki tuliona jambo la namna hiyo. Katika mashindano ya Safari ya mwaka 1964 zilikuja Comet za Marekani zenye injini za silinda nane. Ushindi ukaenda kwa Peter Hughes, aliyeendesha Ford Cortina GT ndogo ya lita 1.5.

Nasema haya kwa sababu kazini nakuta springi zilizokatwa kwa moto wa gesi ili gari lishuke, au zilizoongezwa majani ili libebe mzigo kupita kiasi. Moto huharibu ugumu wa chuma cha springi. Mwenye gari huona ameokoa fedha, lakini anayelipa ni abiria siku gari linapokataa kona.

Basi vijana, kabla ya kutafuta nguvu, jifunzeni kuiongoza. Na wahitimu wenzangu, nawaomba tuchangie springi, mizani na vyombo vingine vya maabara, ili watoto hawa wapime kwa mikono yao badala ya kukariri.