Kazi ya kampusi isiwe sadaka

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi, Lubumbashi)



Sikuje hapa kama mukubwa. Nina miaka 26, nina diploma ya ekonomi, na sina kazi. Wengi kati yenu muko karibu kufika fasi niko leo, njo maana niliomba kusema.

Tangu nimalize masomo nimepeleka dosie nyingi. Munajua dosie: kopi ya diploma, picha, barua, CV, na pesa ya basi kwenda na kurudi. Siku moja, kwenye kampuni moja ya mji huu, mama wa mapokezi alifungua dosie yangu, akasoma kidogo, akauliza: "Eksperiansi iko wapi, mwanangu? Banaomba miaka mitano." Nikamujibu: "Mama, hiyo miaka mitano nilikuwa ku masomo." Akacheka, nami nikacheka. Nilipokuwa narudi kwa miguu, sikucheka tena.

Juu nilikumbuka mwaka wangu wa pili. Kwenye maktaba kulikuwa vitabu vya zawadi, vimefungwa ndani ya makarto, hakuna mutu wa kuviandika kwenye rejista. Vilikaa vile miezi na miezi. Pale nje, chini ya muembe, tulikaa vijana kumi bila hata pesa ya bukari ya mchana. Mumoja wetu, aliyetushinda wote kwa hesabu, hakuweza kumaliza minervali. Alisema: "Naenda kuchimba kidogo, nitarudi." Mpaka leo hajarudi ku masomo.

Kazi ilikuwa pale, na watu walikuwa pale. Ilikosa tu mutu wa kusema: huyu afanye saa kumi kwa wiki, na alipwe.

Hii si ndoto yetu peke yetu. Marekani waliiweka ndani ya sheria mwaka 1964, wakati wa Rais Lyndon Johnson. Serikali inalipa sehemu kubwa ya mushahara wa mwanafunzi, kwa kawaida mpaka 75 kwa 100, na chuo kinaongeza inayobaki. Mwanafunzi anapanga vitabu, anapokea wageni, anasaidia kwenye laboratware. Na hapa jirani, ku Kenya (inchi ya Kenya, si komini yetu ya Kenya, musicheke!), Kenyatta University iko na mupango wa kazi na masomo kwa wanafunzi wenye shida ya pesa.

Sasa muangalie Kasapa. Kijana wa Politeknike anaweza kutengeneza taa na kompyuta. Wa agronomia anaweza kulima shamba la mboga. Wa informatike anaweza kuingiza maktaba ndani ya mashini. Wa mwaka wa mwisho anaweza kufundisha wa mwaka wa kwanza wanaoanguka. Akimaliza miaka yake, anatoka na diploma na karatasi inayosema: huyu alifanya kazi, alifika kwa saa, aliaminiwa na funguo. Siku ile mama wa mapokezi akiuliza, jibu liko.

Najua swali lenu: pesa itatoka wapi? Walimu wenyewe banagoma juu ya mishahara, utalipa wanafunzi na nini?

Swali ni la haki. Jibu liko chini ya miguu yetu. Kodi ya madini, ile wanaita redevansi, sheria ya madini ya 2018 inaigawanya hivi: kwa kila franga 100, 50 zinaenda Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta ao shefferi kwenye mgodi uko, na 10 kwa mfuko wa madini wa vizazi vijavyo. Bandugu, hivyo vizazi vijavyo, vimoja vimekaa hapa mbele yangu! Hatuombi kugusa mushahara wa mwalimu. Tunaomba ndani ya zile 25 za Haut-Katanga kuwe mustari mumoja wenye jina: kazi za wanafunzi. Na Katiba, kipengele cha 36, inasema kazi ni haki na wajibu mtakatifu wa kila Mukongomani. Mutakatifu, bandugu, hawakuandika "kama pesa itabaki".

Lakini musikilize vizuri, hapa njo naogopa. Mupango kama huu, tukiuacha bila macho, utakuwa liste ya watoto wa wakubwa na marafiki wa wakubwa. Badada munajua pia bei ingine ambayo watu wengine wanaomba juu ya kupewa fasi. Kwa hiyo tunaweka masharti mane.

Moja: fasi zote na majina ya waliokubaliwa yabandikwe ukutani, pamoja na sababu. Mbili: mushahara uingie kwenye simu ya mwanafunzi mwenyewe, kila mwezi, usipite kwenye mikono ya mutu. Tatu: saa zisipite kumi na tano kwa wiki, juu tulikuja kusoma. Ine: mwanafunzi asichukue kazi ya mama anayefagia wala ya papa sentineli. Wale ni wazazi wetu. Kwa pesa hiyo njo wanalipa masomo ya wengine kati yenu. Tunaomba kazi ambazo leo hakuna mutu anazifanya.

Bila masharti haya, mimi mwenyewe nitasema hapana. Kazi ya kupewa kama sadaka, siku mukubwa anakasirika anaikamata tena. Kazi ya kuandikwa, unaweza kuidai.

Mie nimeshamaliza, mupango huu hautanisaidia. Lakini nina mudogo wangu wa kike anaingia iniversite mwaka unaokuja, na sitaki aje kusimama mbele ya ile meza ya mapokezi kama mimi.

Barua ya kupeleka kwa Bunge la jimbo iko hapa mezani. Muisome yote mbele ya kutia sahihi, na kama kuna neno baya, muliseme leo tulirekebishe. Siku bajeti itakuja bungeni, tutaenda na barua hii, kwa amani, wengi, na tutauliza ule mustari uko ukurasa gani.