Kuulizwa Kabla ya Kuchimba

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Muthara



Kamati imetupa kazi ya kuzungumza juu ya mabwawa ya kuogelea yajengwayo ndani ya bustani na viwanja vya umma, na juu ya namna wananchi wanavyopaswa kuulizwa kabla ya mahali pa namna hiyo kujengwa, kupanuliwa au kubadilishwa.

Mzee mmoja aweza kusema, "Muthara na bwawa la kuogelea, wapi na wapi?" Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa mambo matatu. Kwanza, Katiba ya mwaka 2010 imeweka viwanja vya michezo, bustani na mahali pa burudani mikononi mwa serikali za kaunti, na tangu mwaka 2013 kaunti zimekuwa zikifanya kazi. Habari ya viwanja basi si ya Nairobi peke yake tena. Pili, maji yanaua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Mito iteremkayo kutoka milima ya Nyambene ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kuogelea, na mto haumwonei huruma mwanafunzi. Tatu, bwawa hukalia ardhi. Ardhi ya umma katika soko na kijiji chochote ni kidogo, na maji yakimwagika hayazoleki.

Hatukuja kuwaambia kwamba bwawa ni jema au ni baya. Neno letu ni kwamba wananchi waulizwe wakati ambapo jibu lao laweza bado kubadilisha mchoro. Ukiulizwa baada ya shimo kuchimbwa, hukuulizwa. Umepewa habari tu.

Na tuanze na jambo lililotokea katika nchi yetu wenyewe. Bustani ya Uhuru, katikati ya Nairobi, ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ni mahali ambapo mtu asiye na senti hukaa kivulini bila kuulizwa kitambulisho, na watoto hutazama mashua katika ziwa dogo. Mwaka 1989 ilijulikana kwamba shirika la magazeti la chama kilichotawala lilikusudia kujenga humo jengo la ghorofa 60. Wananchi hawakuwa wameulizwa. Profesa Wangari Maathai wa Green Belt Movement alianza kuandika barua kwa wakubwa, akitaka kujua ni nani aliyekubali na kwa haki gani. Alikemewa Bungeni. Alipokwenda mahakamani, kesi yake ilitupwa mwezi wa Desemba 1989 kwa sababu, ilisemwa, yeye hakuwa na haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha hasara iliyompata yeye mwenyewe kuliko watu wengine.

Wazee wetu, litazameni neno hilo vizuri. Kitu cha watu wote kilikuwa kinachukuliwa, na kwa kuwa ni cha watu wote, mtu mmoja hakuweza kukitetea. Hata hivyo kelele ziliendelea, waliotazamiwa kutoa fedha wakajitoa, na mwaka 1992 ua uliozunguka kiwanja ukaondolewa. Jengo halikujengwa. Mwaka 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani.

Lakini ushindi ulio mkubwa zaidi uliandikwa baadaye. Kifungu cha 70 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba mtu yeyote aonaye haki ya mazingira safi inavunjwa aweza kwenda mahakamani, wala halazimiki kuonyesha kwamba yeye au mwingine amepata hasara. Mlango uliofungwa mwaka 1989 ukafunguliwa kwa kila raia, hata kwa mkulima wa Tigania. Kifungu cha 10 nacho kimeutaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa mojawapo ya misingi ya utawala, na Kifungu cha 35 kimempa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali.

Je, sheria yatosha? Haitoshi. Bustani ile ile ya Uhuru ilifungwa tena mwaka 2021 ili itengenezwe upya, na mara hiyo hapakuwa na ghorofa 60. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, ya kuipamba. Hata hivyo malalamiko yalizuka juu ya miti iliyokatwa na juu ya wananchi kutoshauriwa ipasavyo, nayo bustani ikakaa imefungwa muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Twajifunza kwamba hata tendo jema lahitaji kuulizia. Mtu akikutengenezea nyumba yako bila kukuuliza mlango uelekee wapi, hata kama ametumia mawe mazuri, utaishi humo kama mgeni.

Sasa tuvuke bahari kidogo, twende Unguja, kwa maana huko mambo ya kuogelea na bustani yamekutana. Katika Mji Mkongwe, mbele ya Ngome, ipo bustani ya Forodhani. Ilitengenezwa upya kwa fedha na usimamizi wa Aga Khan Trust for Culture, ikafunguliwa tena mwaka 2009. Jioni wauza vyakula hupanga meza zao, na vijana hukimbia na kuruka baharini kutoka juu ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, na watu husimama kuwatazama. Ukuta ule ndio bwawa lao la kuogelea, ingawa hakuna mchoro ulioliita hivyo. Mtengenezaji aliyekaa ofisini angeweza kuweka vyuma ukutani kwa usalama, akauondoa mchezo wa vizazi kwa siku moja, wala asijue alichoondoa. Swali la kwanza katika mashauriano yoyote basi si "Mwataka nini kipya?" Ni "Mahali hapa mwapatumia vipi sasa?" Uwanja unaoonekana mtupu saa nne asubuhi waweza kuwa umejaa watoto saa kumi na moja jioni.

Katika kisiwa hicho hicho, huko Nungwi, mradi uitwao Panje umewafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yafunikayo mwili wote, ili heshima ya dini na desturi ihifadhiwe na maisha pia yahifadhiwe. Wasichana wale walizaliwa pwani, hatua chache kutoka majini, na wengi hawakujua kuogelea. Bahari ilikuwa wazi kwa wote, bali mavazi na macho ya watu yaliwazuia nusu ya watoto. Kama mashauriano juu ya bwawa yatasikiliza wanaume tu, jambo hili halitatajwa kabisa, na bwawa litajengwa bila chumba cha kubadilia nguo chenye faragha, bila saa za wanawake, bila mwalimu mwanamke. Kisha itasemwa kwamba wasichana hawapendi kuogelea.

Hapa twaomba radhi kwa wazee wetu tukisema neno la nyumbani. Sisi Wameru tuna sifa ya kushauriana. Njuri Ncheke, yenye makao yake Nchiru hapa Tigania, inajulikana mbali kwa kuzungumza jambo mpaka likaiva. Hiyo ni hazina. Lakini baraza lile lilikuwa la wanaume, tena wazee. Mama achotaye maji, kijana achezaye mpira na mtoto aendaye mtoni hawakuketi humo. Tukidai kwamba serikali ituulize sisi, yafaa na sisi tuwaulize walio chini yetu kabla ya kusema, "Watu wa Muthara wamekubali."

Sheria yenyewe imeanza kuyatazama mambo haya. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha. Hakimu alieleza kwamba kaunti yapasa kuwafikia watu kwa njia nyingi: makanisani, misikitini, katika mabaraza, na katika redio zinazotangaza kwa lugha zao. Na kwa mradi mkubwa unaohitaji uchunguzi wa athari kwa mazingira, kanuni za mwaka 2003 zilimtaka mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa. Mkutano mmoja wa saa moja, pamoja na orodha ya majina na soda, haukuwa ndio uliokusudiwa.

Tuje sasa kwenye mambo ya kuuliza. Tumejaribu kufanya hesabu rahisi ili kila mwanachama aweze kuichukua nyumbani. Bwawa la mashindano makubwa lina urefu wa mita 50 na upana wa mita 25. Likiwa na kina cha mita 2, litameza lita 2,500,000 za maji. Hiyo ni mitungi 125,000 ya lita 20. Bwawa la kufundishia watoto, lenye mita 25 kwa 10 na kina cha mita 1 na sentimeta 20, litameza lita 300,000, yaani mitungi 15,000. Tofauti hii si ndogo kwa watu ambao mama zao husubiri zamu ya maji wakati wa kiangazi. Bwawa dogo laweza kumfundisha mtoto asife mtoni. Bwawa kubwa lisilo na maji halimfundishi mtu chochote. Hukusanya takataka na maji ya mvua, likawa hatari kuliko mto.

Kwa hiyo anayekuja na mchoro wa bwawa na aulizwe: Maji yatatoka wapi mwezi wa Septemba, kabla ya mvua? Nani atalipa umeme wa pampu na dawa ya kusafishia maji katika mwaka wa pili, sherehe ya ufunguzi ikiwa imekwisha kusahauliwa? Walinzi wa waogeleaji watakuwa wangapi, na nani atawafundisha? Mtoto wa mkulima ataingia kwa kiasi gani? Na mwisho, ni hatua ngapi za uwanja zitakazozungushiwa ua, na ngapi zitabaki wazi kwa asiyeogelea?

Swali hili la mwisho lina uzito wake. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ilitoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu isivyo halali katika nchi yetu. Si lazima uwanja upotee kwa siku moja. Haba na haba hujaza kibaba: leo bwawa na ua wake, kesho mkahawa wa kuwahudumia waogeleaji, keshokutwa maegesho ya magari, kisha mtu mmoja anapewa mkataba wa kusimamia yote. Kila hatua ina sababu yake njema, na mwishowe bustani haipo. Mashauriano ya kweli huonyesha mchoro wote pamoja na mkataba wote, wala si kipande kimoja kimoja.

Wajibu si wa serikali peke yake. Yupo mwananchi aitwaye mkutanoni asiende, kisha hulaumu. Yupo aendaye kwa ajili ya nauli anayotazamia kupewa, akainua mkono kabla ya kusikia. Chama cha ustawi kikinyamaza siku ya kuulizwa, kimekubali.

Kamati basi yaleta mbele yenu mapendekezo manne, ili myajadili na kuyapitisha mkiona yafaa. Kwanza, chama kiwe na daftari la viwanja vyote vya umma katika eneo letu, likionyesha mipaka na matumizi ya kila kimoja, hata ya watoto. Pili, kila taarifa ya kushauriana ikitolewa, isomwe sokoni siku ya soko na makanisani siku ya ibada, kwa Kimeru na kwa Kiswahili. Tatu, kabla chama hakijatoa jibu, akina mama na vijana wakutane kwa nafasi yao, na maneno yao yaandikwe kama walivyosema. Nne, jibu letu lipelekwe kwa maandishi, nakala ibaki kwetu, na baada ya muda tuulize lilipofikia.

Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji kalamu, daftari, na watu wasiochoka. Ikiwa siku moja bwawa la umma litachimbwa katika nchi hii ya Tigania, twatamani mtoto wa kike na wa kiume waingie majini pamoja na mwalimu, na mzee aliyeketi chini ya mti ng'ambo ya pili aweze kusema kwamba aliulizwa, na kwamba mti huo uko pale kwa sababu aliutaja.

Mapendekezo yako mbele yenu, Bwana Mwenyekiti.