Miti Ipukutishayo Majani na Miti Isiyopukutisha



Kila mwaka, kati ya Desemba na Februari, jua linapokausha mashamba ya Bumula, miti huonekana kugawanyika makundi mawili. Mvule husimama mtupu kwa muda, na ule mti uitwao kumurembe kwa Kibukusu hubaki na maua yake mekundu bila majani. Lakini mwembe ulio jirani nayo ni wa kijani vile vile. Mtu asiyejua sababu hudhani kwamba mti mtupu umekufa, akaukata uwe kuni. Hiyo ni hasara kubwa.

Sababu ni maji. Jani lina matundu madogo yasiyoonekana kwa macho, na maji ya mti hutoka humo yakawa mvuke. Ardhi ikikauka, mizizi haiwezi kuyarudisha upesi. Basi mti upukutishao majani huvuta kwanza sehemu ya chakula kilichomo katika jani, ukakiweka akiba katika matawi na shina. Rangi ya kijani hutoweka, jani likawa la manjano. Pale liliposhikana na tawi huzibika, nalo huanguka. Mti umelala tu, haukufa.

Katika Ulaya, miti kama mwaloni hufanya hivyo hivyo kati ya Septemba na Novemba. Lakini huko sababu yake ni mchana kuwa mfupi na baridi kuanza. Msonobari haupukutiki wote, kwa kuwa majani yake ni membamba kama sindano, tena yana nta inayozuia maji kupotea.

Mwembe na mkaratusi nayo huangusha majani, ila kidogo kidogo, huku mengine yakiota. Ndiyo maana mkaratusi huendelea kunywa maji hata wakati wa kiangazi, wala haufai kupandwa karibu na chemchemi.

Kwa hiyo, kabla ya kushika shoka, mkulima na akwaruze gome kidogo kwa kisu. Akiona ubichi na unyevu chini yake, mti u hai. Mvua za Machi zitauamsha. Tena majani yaliyoanguka yasichomwe moto, bali yatandazwe penye migomba, yahifadhi unyevu wa udongo, kisha yaoze yawe mbolea.

Mvule huchukua miaka mingi sana hata ufae kwa mbao. Kuni zake huisha kwa siku chache.